Chumvi Ikiyeyuka, Joto Huenda Wapi?



Kila siku tunayeyusha kitu ndani ya maji. Tunatia chumvi kwa mboga, tunatia magadi kwa githeri ili mahindi yaive haraka, tunatia mbolea kwa bomba la kunyunyizia. Ni mara chache tunajiuliza kinachotendeka mle ndani.

Lakini mikono yetu imekwisha kuona. Mkulima akikoroga yuria kwa ndoo, ndoo inakuwa baridi kama maji ya alfajiri. Kina mama wa vikundi vya sabuni nao wanajua kinyume chake. Wakitia soda kali majini, ile ambayo madukani huitwa kostiki, ndoo inakuwa moto haishikiki, na moshi mkali unapanda hadi puani. Na hakuna aliyewasha jiko.

Vitu viwili vyeupe, maji ya mtungi mmoja. Kimoja kimepoza, kingine kimechemsha. Kwa nini? Na je, tunaweza kujua mapema joto litafika wapi, kabla hatujamwaga?

Jibu ni ndiyo. Wala hatuandiki haya kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Vikundi vingi tunavyovitembelea vinatengeneza sabuni ya kipande kwa ajili ya kuuza. Soda kali huunguza ngozi, na ikiruka machoni inaweza kumpofusha mtu. Tumewaona kina mama wenye makovu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mara nyingi waliambiwa tu, "Chunga, ni kali." Hawakuambiwa ni kali kiasi gani, wala kwa nini. Basi leo tujaribu kueleza.

GHARAMA NA MAPATO

Punje ya chumvi si kitu kimoja. Ni chembe ndogo mno zinazoitwa ioni. Nyingine zina umeme wa chanya, nyingine wa hasi, na kwa kuwa chanya na hasi huvutana, zimeshikana kwa mpango kama matofali ya ukuta.

Chumvi inapoyeyuka, kazi mbili hutendeka kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kubomoa ukuta, yaani kuzitenganisha ioni zilizoshikana. Kazi hii ina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa joto. Kazi ya pili ni maji kuzizunguka zile ioni na kuzishika, kila moja ikipata chembe zake za maji. Kushikana huku kunaleta mapato: joto hutolewa.

Ni kama hesabu ya kibanda cha mboga. Gharama ikizidi mapato, upungufu lazima ulipwe kutoka mahali. Hapa unalipwa na joto la maji yenyewe, na ndiyo sababu maji yanapoa. Mapato yakizidi gharama, faida inatoka kama joto, na maji yanapata moto. Chumvi ya mezani ina gharama na mapato yanayokaribiana sana. Ndiyo maana ukitia chumvi kwa maji ya ugali huoni badiliko lolote.

JINSI YA KUPIMA

Si lazima uwe na maabara. Unahitaji mizani inayoonyesha gramu, chombo cha kupimia mililita, kijiko cha mti, vikombe viwili vya plastiki na kipimajoto. Kile cha hospitali hakifai kwa sababu huanzia karibu digrii 35. Omba cha sayansi kutoka kwa mwalimu wa sekondari iliyo karibu. Walimu wengi hawakatai.

Fuata hatua hizi:

1. Weka kikombe kimoja ndani ya kingine, na katikati jaza vipande vya gazeti. Tafuta kifuniko cha karatasi ngumu chenye tundu. Kazi yake ni ileile ya kikapu cha kuhifadhi joto la chakula: kuzuia joto lisitoke wala kuingia.

2. Pima maji mililita 100. Maji hayo yana uzito wa gramu 100. Yaache pamoja na chumvi utakayopima katika chumba kimoja kwa saa kadhaa, ili vyote viwe na joto moja.

3. Soma kipimajoto kila nusu dakika hadi usomaji utulie. Andika.

4. Tia gramu 10 za chumvi iliyosagwa vizuri, funika, koroga polepole kwa kijiko. Usikoroge kwa kipimajoto, kitavunjika.

5. Soma tena kila nusu dakika kwa dakika tano. Andika digrii ya chini kabisa iliyofika, au ya juu kabisa kama maji yanapata moto.

Ukianza na chumvi ya mezani utaona maji yanashuka kama digrii moja hivi, basi. Ukitumia yuria, maji yatashuka digrii 5 au 6. Yuria si chumvi kwa maana kamili, kwa sababu haina ioni, lakini hesabu yake ni ileile. Chumvi ya kweli inayopoza sana ni potasiamu naitreti, ambayo huuzwa kama mbolea ya kuyeyusha majini. Hiyo hushusha maji digrii 6 hadi 8. Iweke mbali na moto, kwa maana huchochea kuungua kwa vitu vingine.

HESABU YENYEWE

Gramu moja ya maji ikipanda digrii moja huwa imepokea joto la juli 4.2. Ikishuka digrii moja huwa imetoa kiasi hichohicho. Kwa hiyo joto ni uzito mara 4.2 mara digrii zilizobadilika.

Tuseme umetia gramu 10 za potasiamu naitreti kwa gramu 100 za maji, na maji yameshuka kutoka digrii 24 hadi 17. Uzito wote sasa ni gramu 110. Digrii zilizobadilika ni 7.

110 x 4.2 x 7 = juli 3,234.

Hilo ndilo joto ambalo gramu 10 zimechukua kutoka kwa maji. Gramu moja basi imechukua juli 323. Wanakemia hupenda kuhesabu kwa moli, na moli moja ya chumvi hii ni gramu 101. Kwa hiyo moli moja imechukua karibu juli 32,700, yaani kilojuli 32.7. Vitabu vinasema karibu kilojuli 35. Kwa vikombe viwili na gazeti, hiyo si mbaya hata kidogo!

Pengo dogo linatoka wapi? Kwanza, joto la chumba linaingia kikombeni wakati wewe unakoroga. Utaliona ukiendelea kusoma: baada ya kufika chini kabisa, kipimajoto kinaanza kupanda tena polepole.  Pili, vitabu huhesabu chumvi iliyoyeyushwa kwa maji mengi sana, na wewe umetumia maji ya kikombe.

Hapa tunaweka baadhi ya vipimo vinavyojulikana, kwa kila gramu moja ikiyeyuka katika maji mengi:

Chumvi ya mezani: huchukua karibu juli 66.
Yuria: huchukua karibu juli 250.
Amonia naitreti: huchukua karibu juli 320.
Potasiamu naitreti: huchukua karibu juli 345.
Kalsiamu kloridi kavu: hutoa karibu juli 730.
Soda kali (kostiki): hutoa karibu juli 1,100.

Tazama mstari wa mwisho. Gramu moja ya soda kali inatoa joto zaidi ya mara tatu ya lile linalochukuliwa na gramu moja ya potasiamu naitreti. Hiyo ndiyo inayowekwa ndoo baada ya ndoo katika nyumba zetu.

NDOO YA SABUNI

USIPIME soda kali kwa kikombe nyumbani ili uone. Uzuri wa kipimo ni kwamba, kikishajulikana, unaweza kuiona hatari kwenye karatasi bila kukutana nayo.

Chukua mapishi madogo: gramu 100 za soda kali kwa mililita 300 za maji. Joto litakalotoka ni 100 x 1,100, yaani juli 110,000. Uzito wote ni gramu 400. Zidisha kwa 4.2, unapata 1,680. Gawanya 110,000 kwa 1,680, unapata karibu 65. Maji yatapanda digrii 65! Kama yalikuwa 24, yatafika karibu 90. Chai ya kuunguza mdomo haifiki hapo.

Sasa tuseme mtu ameamua kupunguza maji ili sabuni ikauke haraka. Gramu 100 za soda kwa mililita 100 tu. Joto ni lilelile, juli 110,000, lakini uzito ni gramu 200 peke yake. Hesabu inatoa kupanda kwa digrii 131. Maji hayafiki huko. Huanza kuchemka yakiwa njiani. Yanaruka kutoka ndoo yakiwa na soda ndani yake, na yanaruka kuelekea uso wa yule aliyeinama kukoroga.

Hiyo ndiyo sababu ya ile kanuni ambayo wengi wameisikia bila kuelezwa: SODA HUTIWA KWA MAJI, MAJI HAYATIWI KWA SODA. Ukimwaga maji juu ya soda, matone ya kwanza yanakutana na soda nyingi mno. Maji ni kidogo, joto ni jingi, na yanachemka hapohapo.

Na yule anayesema ati maji ya moto yanayeyusha haraka zaidi? Ni kweli yanayeyusha haraka. Lakini ukianza na digrii 60 badala ya 24, na juu yake uongeze 65, umepita mahali pa kuchemka. Tumia maji baridi siku zote.

JE, KUTIA POLEPOLE KUNASAIDIA?

Kuna kina mama waliotuuliza kama kutia soda kidogo kidogo kunapunguza joto. Jibu lina pande mbili.

Mwaka 1840 mwanakemia Germain Hess, aliyezaliwa Geneva na kufanya kazi Urusi katika mji wa St Petersburg, alitangaza jambo ambalo mpaka leo linaitwa sheria ya Hess. Alisema kwamba joto lote linalotoka au kuingia hutegemea mahali ulipoanza na mahali ulipoishia, si njia uliyopitia. Ni kama kupanda mlima. Upite njia fupi ya mbuzi au njia ndefu ya gari, kimo cha kilele hakibadiliki.

Kwa hiyo gramu 100 za soda zitatoa juli 110,000 ukizimwaga kwa mara moja au kwa kijiko. Jumla haipungui. Kinachobadilika ni muda. Ukitia kijiko, ukakoroga, ukangoja, joto la kijiko cha kwanza linapata nafasi ya kutoka nje kupitia ukuta wa ndoo kabla la pili halijafika. Ukiiweka ndoo ndani ya karai la maji baridi, linatoka haraka zaidi. Ndoo ya mtu aliyengoja haifiki digrii 90, na subira hiyo haigharimu hata shilingi moja.

MAGADI YETU, SURA MBILI

Kuna mfano mwingine kutoka hapa kwetu. Katika Ziwa Magadi, kule Kajiado katika Bonde la Ufa, magadi huchimbwa na kuchomwa kiwandani hadi yawe unga mkavu wa soda, unaotumika kutengeneza kioo na sabuni ya unga. Unga huo mkavu ukitiwa majini hutoa joto, karibu juli 250 kwa gramu.

Lakini soda hiyohiyo ikiachwa igande kutoka kwa maji katika hali ya ubaridi, inatoka kama fuwele angavu zilizobeba maji ndani yake. Fuwele hizo ukiziyeyusha, maji yanapoa! Kumbe sababu ni ileile ya gharama na mapato. Soda kavu ina kiu, na ikiyashika maji kwa mara ya kwanza hupata mapato makubwa. Fuwele zimekwisha kunywa. Mapato yao walishapata zamani, imebaki gharama ya kubomoa.

Funzo kwa kikundi ni kwamba jina moja halitoshi. Uliza kama ni kavu au ina maji ndani. Na usidhani soda ya kuosha na soda kali ni kitu kimoja kwa sababu zote zinaitwa soda.

KAMA INACHUKUA JOTO, MBONA INAYEYUKA?

Hili ni swali la mtu mwenye akili. Ikiwa potasiamu naitreti inapata hasara kila ikiyeyuka, nani anailazimisha?

Hakuna. Kuna nguvu ya pili mbali na joto, nayo ni kutawanyika. Watoto wakifunguliwa darasani hutawanyika uwanjani wenyewe. Kuwarudisha kwenye mstari ndiko kunakohitaji kengele na mwalimu. Ioni nazo zina njia chache za kukaa ndani ya ukuta na njia nyingi mno za kukaa ndani ya maji. Kipimo cha wingi huo wa njia wataalamu hukiita entropia. Chumvi huyeyuka pale faida ya kutawanyika inapoishinda hasara ya joto, na kadiri maji yanavyokuwa moto, ndivyo kutawanyika kunavyopata nguvu zaidi.

Hili nalo hupimwa. Wanafunzi wa sekondari huyeyusha chumvi kwa maji ya moto katika neli, wakaiacha ipoe, wakaandika digrii ambapo punje za kwanza zinaonekana tena. Wakiongeza maji kidogo na kurudia, wanapata mstari wa kuchora. Potasiamu naitreti huyeyuka karibu gramu 32 kwa gramu 100 za maji yenye digrii 20, lakini kwa digrii 60 huyeyuka karibu gramu 110. Chumvi ya mezani ni gramu 36 kwa digrii 20, na kwa digrii 60 ni 37 tu. Mholanzi Jacobus van 't Hoff, aliyepata tuzo ya kwanza ya Nobel ya kemia mwaka 1901, alionyesha jinsi ya kupata joto la kuyeyuka kutokana na vipimo kama hivi. Mstari unaopanda kwa kasi unamaanisha chumvi inayochukua joto jingi. Ulio karibu kulala unamaanisha joto kidogo. Kikombe chetu cha gazeti kilisema hivyohivyo.

Wale wa pwani wameliona hili kwa macho. Katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, hakuna anayepoza maji ya bahari ili kupata chumvi. Angepoza asipate kitu, kwa maana chumvi hiyo haijali ubaridi. Wanayaacha maji yakauke juani.

TUSIDANGANYWE

Kuna wanaouliza kama mbolea hizi za baridi zinaweza kutunza maziwa mahali pasipo na umeme. Tupige hesabu. Lita 10 za maziwa kushuka kutoka digrii 35 hadi 15 ni 10,000 x 4.2 x 20, yaani karibu juli 840,000. Yuria inachukua 250 kwa gramu. Utahitaji zaidi ya kilo 3 za yuria kwa lita 10 tu, na hatujahesabu maji yatakayopoa pamoja nayo. Baada ya saa chache ubaridi umekwisha, na yuria haiwezi kutumika tena mpaka uikaushe kwa joto jingi kuliko lile ulilookoa. Mfuko wa baridi wa huduma ya kwanza, ambao nao una mbolea ya namna hii na maji, unafaa kwa goti la mchezaji, si kwa maziwa. Yuria yako ipeleke shambani.

MAMBO YA KUSHIKA KIKUNDINI

1. Pima soda na maji kwa mizani. Piga hesabu ya joto kabla ya kumwaga.

2. Maji baridi kwanza, soda baadaye, kidogo kidogo, nje penye hewa.

3. Usitumie sufuria ya aluminiamu. Soda kali huila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito inayostahimili joto.

4. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu za mpira na nguo za mikono mirefu. Watoto wasiwe karibu.

5. Ikimwagika kwa ngozi au kuruka jichoni, vua nguo zilizolowa na osha kwa maji safi mengi kwa angalau dakika 20, kisha nenda hospitali bila kuchelewa. Usipake siki wala mafuta.

MASWALI YA KUJADILIANA

Je, kikundi chetu hutumia gramu ngapi za soda kwa maji kiasi gani? Kwa hesabu ya hapo juu, maji yetu hufika digrii ngapi?

Ndoo yetu huwekwa wapi, na nani huinama juu yake?

Je, nani kati yetu ana mtoto wa sekondari anayeweza kutusaidia kupima chumvi na yuria kwa kikombe siku ya mkutano ujao?

Fanyeni jaribio la chumvi na yuria pamoja, wazee kwa vijana, na mwandike matokeo kwenye daftari la kikundi. Kisha pigeni hesabu ya ndoo yenu kwenye ukurasa uleule, na kabla ya kila siku ya sabuni mtu mmoja aisome kwa sauti.